Mganga aliyejiganga: maisha ya Cheng Man-ch'ing, tabibu na mwalimu wa taichi aliyehamia New York

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wahenga wetu walisema mganga hajigangi, na wengi tunawafahamu waganga ambao maisha yao yanaithibitisha methali hiyo. Leo ninaomba nafasi niwaeleze habari za mtu ambaye kazi yake yote ilianzia pale alipolazimika kujiganga mwenyewe. Anaitwa Cheng Man-ch'ing, na kwa tahajia ya Kichina ya siku hizi huandikwa Zheng Manqing. Alizaliwa mwaka 1902 katika eneo la Wenzhou, mkoani Zhejiang, mashariki mwa China. Akahamia Taiwan mwaka 1949. Akahamia tena New York mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 62, umri ambao wengi wetu tunawaza kustaafu na kurudi nyumbani. Na akafariki Taipei tarehe 26 Machi 1975. Alikuwa mchoraji, mshairi, mwandishi wa hati nzuri, tabibu wa tiba ya jadi ya Kichina na mwalimu wa taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa kwa mwendo wa polepole, na wanafunzi wake wa Marekani walimwita Profesa.

Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu walimu wa sanaa za mapigano wanaotoka nje huwa wanajadiliwa kwa swali moja tu, yaani nani angempiga nani, na matabibu wa jadi wanajadiliwa kama wauza mizizi. Cheng hawezi kueleweka kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba mkono wake wa kupigana na vidole vyake vya kutibu vilikuwa na kazi moja, na kwamba atakayetaka kuelewa ngumi zake hana budi kuanza na kifua chake kilichokuwa kinaugua.

Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, aliangukiwa kichwani na kipande cha ukuta, akapoteza fahamu kwa muda, na hata alipozinduka alichukua muda mrefu kupata nafuu. Wakubwa wake walimpeleka kwa mchoraji maarufu, Wang Xiangchan, si kwa matumaini ya kumfanya msanii, bali kwa sababu kazi ndogondogo za pale zilionekana zinaweza kumponya. Kazi yake kubwa ilikuwa kusaga wino. Wino wa Kichina wa zamani huwa ni kipande kigumu kama kijiti, nawe hukisugua juu ya jiwe lenye matone machache ya maji, polepole, kwa mzunguko usiobadilika, mpaka maji yageuke kuwa meusi na mazito. Aliyewahi kumtazama bibi wa pwani akisugua liwa juu ya jiwe kwa marashi anaijua kazi hii vizuri: ukikaza bega, liwa linakatika vipande na mkono unachoka mapema, ukiliacha bega lishuke, jiwe lenyewe linakufanyia kazi. Mtoto mgonjwa alifundishwa jambo hilo miaka mingi kabla ya kusikia neno taichi. Katika kipindi hichohicho shangazi yake, Chang Kuang, ambaye naye alikuwa mchoraji, alikuwa akimchukua mara kwa mara kwenda kuchuma na kuitambua mimea ya dawa. Kwa hiyo wino na majani ya dawa viliingia mikononi mwake pamoja.

Alikua haraka. Alipofikisha miaka 19 alikuwa tayari anafundisha ushairi Beijing, na baadaye akafundisha uchoraji Shanghai. Kisha, katika miaka yake ya ishirini, mapafu yakamshinda. Ugonjwa unaaminika kuwa ulikuwa kifua kikuu, na inasemekana vumbi la chaki la madarasani lilizidi kuuchochea, mpaka akafikia hatua ya kukohoa damu. Hapo ndipo alipoanza kufanya taichi kwa dhati. Alipopata nafuu aliiacha, kama tunavyoacha dawa pindi homa inaposhuka, ugonjwa ukarudi, akairudia. Hatimaye aliacha ualimu na kuyatoa maisha yake kwa mambo matatu, yaani taichi, tiba na vitabu vya kale.

Namna alivyoingia katika utabibu kamili inasimuliwa hivi. Alipokuwa Shanghai, rafiki yake aliugua na hakupata nafuu kwa waganga waliomtibu. Cheng, ambaye wakati huo alijulikana kama mchoraji, alimwandikia mchanganyiko mgumu wa dawa za mitishamba, na rafiki akapona. Karatasi ile ya dawa ilimfikia tabibu mmoja mzee aliyekwisha kustaafu, Song You-an, naye alipoisoma alisisitiza akutanishwe na mwandishi wake. Nchi ilikuwa katika machafuko, hivyo ilipita miaka kadhaa kabla Cheng hajaweza kwenda kusoma kwake. Napenda sana kisa hiki kwa sababu mzee yule hakuvutiwa na habari kwamba mgonjwa amepona. Alivutiwa na karatasi yenyewe, na fikra iliyokuwa ndani yake.

Ikumbukwe pia kwamba ule haukuwa wakati mwema wa kuwa tabibu wa jadi nchini China. Mwaka 1929 serikali iliwekewa mezani pendekezo la kuipiga marufuku tiba ya jadi ili ibaki ile ya Kizungu peke yake, na mwezi Machi mwaka huo matabibu kutoka sehemu nyingi za nchi wakakusanyika Shanghai kulipinga, na mpango ukasimama. Kijana aliyeichagua kazi hiyo wakati ule alichagua kazi ambayo wasomi wenzake walikuwa wakiiita ushamba.

Naendelea.

Kuanzia karibu mwaka 1930 alisoma kwa Yang Chengfu, mjukuu wa mwanzilishi wa taichi ya ukoo wa Yang, mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 1936. Inasimuliwa kwamba mlango ulifunguka kwa njia ya tiba: mke wa Yang aliugua sana, Cheng akamtibu akapona, na mwalimu akamlipa kwa kumfundisha yale ambayo hakuwa akimfundisha kila mtu. Kitabu ambacho Yang alikitoa mwaka 1934 kiliandikwa kwa mkono wa Cheng.

Cheng mwenyewe ameandika kwamba mwalimu wake hakuwa msemaji, na kwamba neno alilolirudia mara nyingi kila siku lilikuwa moja tu, yaani "song". Wengi hulitafsiri kuwa kulegea, na tafsiri hiyo inawapotosha watu, kwa sababu kwetu aliyelegea ni mvivu au mlevi. Mimi naona Mswahili anao mfano ulio bora zaidi. Mtazame mama aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika: shingo imenyooka, mabega yameshuka, mikono inaning'inia, nyonga zinatembea, na maji hayamwagiki. Hakuna msuli uliolala, lakini hakuna ulio na kazi isiyo yake. Hiyo ndiyo song. Yang alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba asiyelegea kwa namna hiyo amejiandaa kupigwa, maana mwili uliokakamaa humpa adui mahali pa kushika.

Cheng hakuielewa mara moja. Anasimulia kwamba usiku mmoja aliota mikono yake yote miwili imevunjika, akazinduka kwa mshtuko, na hapo ndipo alipofahamu: mikono yake ilikuwa imeunganishwa na mabega kama ya mwanasesere wa kitambaa, kwa uzi unaovutika tu. Tangu siku hiyo wenzake waliokuwa wakimsukuma walianza kumkosa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Katika tiba ya Kichina tabibu humpima mgonjwa kwa kuweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, kwenye mkono wa kulia na wa kushoto, akigusa kwanza kwa wepesi, kisha kwa kina zaidi, akisikiliza mapigo katika kila nafasi. Akibonyeza kwa pupa ataua mapigo anayotaka kuyasikia. Akigusa kwa woga hatasikia kitu. Katika taichi kuna zoezi la watu wawili linaloitwa tui shou, yaani kusukumana mikono: mnasimama mmekabiliana, vifundo vyenu vimegusana, na kila mmoja anautafuta mzizi wa mwenzake ili amng'oe, huku akijitahidi asitafutike. Ujuzi wa msingi wa zoezi hilo, kwa Kichina, unaitwa kusikiliza. Unasikiliza kwa ngozi. Maandishi ya kale ya taichi yanasema kwamba wakia nne zinaweza kuhamisha ratili elfu, na Cheng aliushikilia msemo huo kama sheria: mgusano usizidi wakia nne, wala kutoka kwako wala kutoka kwake. Ni uzito uleule wa kidole cha tabibu. Mtu aliyekuwa akipima mapigo ya wagonjwa mchana na kusukumana mikono na wanafunzi jioni hakuwa akibadilisha kazi, alikuwa akibadilisha chumba tu.

Wapo watakaosema kwamba uhusiano huo wa ngumi na dawa si wake peke yake, na ni kweli. Kusini mwa China kila mwalimu wa ngumi alitarajiwa kujua kuunga mifupa na kuchanganya dawa ya michubuko, kwa sababu ya wazi kabisa kwamba wanafunzi wake wangeumia. Katika miaka hiyohiyo ya sitini, Los Angeles alikuwepo Ark Yuey Wong, naye mhamiaji, naye mwalimu wa ngumi na mtaalamu wa mitishamba. Lakini kwa walimu wengi wa namna hiyo dawa ilikuja kutibu madhara ya ngumi. Kwa Cheng mambo yalianza upande wa pili, maana ngumi zilikuja kama dawa.

Wakati wa vita na Japani alihamia mikoa ya ndani ya China, akawa Hunan kisha Sichuan, akitibu na kufundisha. Huko alikutana na tatizo la kivitendo. Taichi ndefu ya Yang ina hatua zaidi ya mia, nyingi zikiwa za kurudiwa, na watu aliotakiwa kuwafundisha hawakuwa na miaka ya kukaa naye. Akaanza kupunguza. Kufikia mwaka 1946 alikuwa na mfululizo wa hatua 37 ambao mtu anaweza kuufanya kwa muda usiofika robo saa. Hadi leo wapo wafuasi wa ukoo wa Yang wasioukubali, wakisema amekata mti na kubakiza kijiti. Mimi nawaelewa, lakini nasimama upande wake. Tabibu anayejua kwamba mgonjwa hatakunywa vikombe vitano kwa siku humwandikia kimoja atakachokinywa.

Sehemu ya New York

Taiwan aliishi miaka 15, akifundisha, akitibu, akiwa mjumbe wa Bunge la Taifa na mwalimu wa uchoraji wa mke wa Rais Chiang Kai-shek. Hapo ndipo Mmarekani Robert W. Smith, ofisa wa shirika la ujasusi la nchi yake aliyekuwa kazini Taiwan kati ya 1959 na 1962, alipomwomba amfundishe na akakubaliwa. Nayataja haya ili ieleweke kwamba hakuhama kwa njaa. Alikuwa na heshima, wagonjwa na wanafunzi. Mwaka 1964 akaenda na familia yake kuanza upya katika mji ambao hakuimudu lugha yake, akiwategemea wakalimani mpaka mwisho.

Marekani ilikuwa na historia nzito na Wachina. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Ilifutwa mwaka 1943, lakini nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Na ni sheria ya mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Cheng kufika, iliyoondoa mgawo huo wa kibaguzi. Kwa hiyo mtaa wa Wachina aliouingia ulikuwa wa watu waliojifunza kwa uchungu kujitegemea na kutowaamini wageni. Wazee wengi walikuwa wameishi humo miongo bila wake zao. Elimu ya ngumi ilikuwa miongoni mwa mali chache walizoweza kuzifungia kabati.

Alianza kufundisha katika chama cha taichi kilichokuwa namba 211 Canal Street. Akawakubali wote waliokuja: Wachina, Wazungu, Weusi, wanawake, na vijana wa miaka ile wenye nywele ndefu na miguu mitupu ambao hata wazazi wao walikuwa wamewakatia tamaa. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba alipokuwa safarini Taiwan, baadhi ya wakubwa wa chama walichoshwa na wageni hao wakawafungia mlango. Cheng aliporudi hakuwaacha wanafunzi wake nje ili abaki na wazee wenzake. Alianzisha shule nyingine, Shr Jung, namba 87 Bowery, hatua chache kutoka pale Daraja la Manhattan linaposhukia. Wakati huo Bowery ilijulikana kwa walevi waliolala barabarani na nyumba za kulala za bei ya chini kabisa.

Naomba nikae kidogo hapa. Sisi wenye ndugu walioko ughaibuni tunajua uzito wa kuvunja na jumuiya yako ugenini. Pale nyumbani ukigombana na chama kimoja utahamia kingine. Kule chama hicho ndicho msiba wako, harusi yako na mkopo wako. Mzee wa miaka sitini na kitu, asiyemudu Kiingereza, aliuweka rehani usalama huo kwa ajili ya vijana wasiojua hata kushika vijiti vya kulia. Kwangu mimi tendo hilo lina nguvu kuliko kumwangusha mtu yeyote.

Katika shule hiyo alisaidiwa na wanafunzi sita wakubwa: Tam Gibbs, Lou Kleinsmith, Ed Young, Mort Raphael, Maggie Newman na Stanley Israel. Ed Young, aliyezaliwa Tianjin na kukulia Shanghai, alikuwa mmoja wa waliomkalimania, na baadaye akawa mchoraji mashuhuri wa vitabu vya watoto aliyepata medali ya Caldecott mwaka 1990. Maggie Newman alitoka katika dansi. Mafunzo hayakuishia kwenye taichi na upanga. Kulikuwa na madarasa ya kuandika hati kwa brashi, na kulikuwa na mihadhara juu ya wanafalsafa wa kale wa China, Laozi na Konfushio. Na alikuwa akitibu. Mgonjwa alipimwa mapigo, akaandikiwa karatasi ya dawa, na dawa zenyewe zilipatikana katika maduka ya mitishamba ya mtaa huohuo, yale yenye ukuta mzima wa droo ndogondogo, ambapo muuzaji huvuta droo moja baada ya nyingine na kupima magome, mizizi na maua kwa mizani ndogo ya mkono juu ya karatasi. Wamarekani wengi walianza kuisikia tiba ya Kichina mwezi Julai 1971, mwandishi James Reston alipoandika katika gazeti la New York Times namna alivyotibiwa kwa sindano Beijing baada ya upasuaji wa kidole tumbo. Kufikia hapo Cheng alikuwa amekwisha kutimiza miaka saba akishika vifundo vya watu wa New York.

Fundisho lake lililo maarufu kuliko yote kule limetafsiriwa kwa Kiingereza kwa lugha ya kibiashara, kana kwamba ni habari ya kuwekeza mtaji. Kichina chake ni "chi kui", na maana yake neno kwa neno ni kula hasara. Sisi tunalo neno hilohilo, na tunalitumia kila siku sokoni! Alikuwa akiwaambia wanafunzi wajifunze kula hasara: ukisukumwa, usipinge ili usionekane mnyonge, kubali kuanguka leo, kesho, mwezi mzima, mwaka mzima, ukisikiliza ni wapi ulipokakamaa. Anayeshinda kila siku kwa mabavu anabaki na mabavu yaleyale, na umri utamnyang'anya. Aliongeza hofu tatu ambazo mwanafunzi lazima azishinde: hofu ya kula uchungu, hofu ya kula hasara, na hofu ya mtu mkali.

Majibu kwa waliouliza

Mdau mmoja ameuliza kama ninadai kwamba taichi inatibu kifua kikuu. Sidai hivyo, na ninamwomba yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende hospitali leo. Cheng aliugua katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Dawa ya kwanza ya kweli ya ugonjwa huo, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo daktari wa Ulaya na tabibu wa Shanghai walikuwa na silaha zinazokaribiana: mapumziko, chakula, hewa safi na bahati. Wapo waliopona na wengi hawakupona. Taichi ilimpa utaratibu wa kupumua kwa kina na mwendo wa kila siku usiomchosha, na yeye aliamini kwamba ndiyo iliyomwokoa. Leo tiba ni ya vidonge, kwa kawaida miezi sita, na Tanzania hutolewa bila malipo. Angekuwa kijana wa leo, tabibu mwenye akili kama zake angevimeza vidonge asubuhi na kufanya taichi jioni.

Faida ambayo imepimwa ni nyingine. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha wazee 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Katika kundi lililofundishwa taichi iliyofupishwa, hatari ya kuanguka mara kwa mara ilipungua kwa asilimia 47.5. Walio na bibi aliyevunjika nyonga wanajua namba hiyo ina maana gani.

Mwingine ameuliza kama mzee huyu alikuwa anaweza kupigana kweli, au wanafunzi walikuwa wanajirusha. Swali ni la haki. Filamu zilizopigwa New York zinamwonyesha mzee mfupi, amevaa joho, akiwang'oa watu wazima miguuni na kuwapeleka ukutani, na ni kweli kwamba wote walikuwa wanafunzi wake wanaomheshimu. Mtu hawezi kuzitumia kama ushahidi wa ulingoni. Kama unataka pambano lenye mpinzani asiye mwanafunzi, mtazame mfuasi wake Huang Sheng-Shyan, ambaye naye alihama, akaeneza taichi hiyo Singapore na Malaysia. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 60, alipambana mjini Kuching, Malaysia, na bingwa wa mieleka Liao Kuang-Cheng katika tamasha la kuchangisha fedha, akamwangusha mara 26 bila yeye kuangushwa hata mara moja. Hata hivyo, sioni kwamba ubora wa Cheng unasimama au kuanguka na jambo hilo.

Mdau wa tatu ameuliza kwa nini nimemwita tabibu mahali pengi na mganga kwenye kichwa cha habari. Mganga ni neno pana, na limechafuliwa na wapiga ramli. Tabibu ni yule aliyesoma, anayeandika dawa na anayeweza kueleza kwa nini ameiandika. Cheng alikuwa tabibu. Kichwa cha habari nimekiacha hivyo kwa heshima ya methali.

Ndugu wa mwisho ameuliza mimi mwenyewe nimeingiaje humu, na mtu asiye na mwalimu anaanzia wapi. Nilianza na karate nikiwa kijana, katika ukumbi mmoja ambao hatukuwa na mikeka, tukirusha mateke mamia juu ya sakafu ya saruji, na aliyelalamika aliongezewa. Goti langu la kulia liliharibika kabla sijafikisha miaka 30, na kwa muda mrefu niliamini kwamba habari za mapigano kwangu zimekwisha. Kilichonirudisha ni zoezi la kusimama, ambalo linahitaji nafasi ya ukubwa wa mkeka wa kuswalia na halihitaji kiatu. Simama, weka uzito wote kwenye mguu mmoja, goti likunjwe kidogo na lielekee vilipo vidole vya mguu, wala lisivuke ncha zao. Mguu wa pili uguse sakafu kwa kisigino tu, mtupu kama sandali iliyovuliwa. Kichwa kama kimebeba ndoo. Mabega yashuke, na vifundo vya mikono visikunjwe wala kukazwa. Cheng aliuita huo mkono wa bibi mrembo, kwa sababu damu inapita bila kizuizi. Kaa hapo mpaka paja liseme, kisha ubadilishe mguu. Mwenye goti bovu kama langu amwone kwanza daktari wa mifupa, nami nilimwona.

Mimi hulifanya alfajiri nikisubiri chai ichemke. Wiki ya kwanza paja lilitetemeka kabla sufuria haijaanza hata kutoa mvuke. Ilinichukua miezi miwili hadi kuisikia chai inamwagikia jikoni nikiwa bado nimesimama juu ya mguu uleule wa kulia.